Jibini ya Kumi

Leofware wa Wessex, ufalme wa kale wa Uingereza, alikuwa mjane mwenye kondoo wachache, na jibini zake zilisifiwa mpaka ng'ambo ya mto. Kilichomtia kinyaa kuliko samadi ya zizini kilikuwa kidole gumba cha Ordgar, msimamizi wa askofu.

Bibi yake alimsimulia kwamba zamani "ya kumi" lilikuwa neno la kuhesabia tu: ya nane, ya tisa, ya kumi. Mtu alimtolea Mungu alichojaliwa. Kisha makasisi wakalifanya jina la kodi ya kanisa, na mfalme akaitungia sheria yenye adhabu.

Kila vuli Ordgar aliingia akinuka pombe, akachomeka gumba lenye kucha nyeusi ndani ya jibini, akalilamba, akachomeka katika nyingine, mpaka amalize zote. Aliondoka na iliyo tamu kuliko zote. Zilizobaki na matundu, nani angezinunua?

Mwaka huo Leofware alipanga jibini kumi ubaoni. Ordgar alipoinua mkono, akamzuia.

"Usiguse, bwana. Hesabu. Ya kumi ni ya kumi."

Ordgar akahesabu hadi mwisho wa ubao, akakunja pua. "Hii ina funza, mama."

"Nami nawaona. Ila ndiyo ya kumi. Au neno limebadilika tena?"

Ordgar akatema mate sakafuni, akaenda zake. Siku ya tatu alirudi na mtu wa mfalme pamoja na kasisi Cynsige, yule aliyembatiza Leofware. Aliyekataa kutoa, wakasema, sheria yake ni hii: moja ya kanisa, nne za askofu, nne za bwana mwenye ardhi. Ordgar akazitoboa zote kwa gumba moja moja, akililamba. Kasisi alionjeshwa, akaonja, makombo yakamganda ndevuni.

"Ndiyo sheria, mwanangu," alisema, bila kumtazama.

Wakamwachia moja, ile yenye funza.

Leofware alitoka nje akatapika kwenye magugu, akabaki ameinama hadi gari la ng'ombe lilipopotea kilimani. Kondoo wake wote alimpa binti yake. Hakugandisha maziwa tena, wala hakupokea tena mkate wa altare kutoka mkono wa Cynsige. Alisema unanuka mate.

Akaishi kwa kuuza mayai. Mnunuzi akitaka kumi, alimhesabia mpaka tisa, kisha akaongeza moja kimya, mdomo ameubana kama aliyeuma shubiri.