Tumbo la Paka na Kiapo cha Jirani

Pigo la kwanza lilimpata paka, la pili likanipata mimi kwenye kiwiko. Jirani yangu alikuwa amemtia paka ndani ya gunia la chumvi, akafunga mdomo wa gunia kwa kamba ya magome ya miyombo, na sasa alikuwa akilipiga pale chini kwa mchi wa mkewe, taratibu, kama mtu anayepura maharage. Nilikuwa nikipita na ubao begani. Niliutua, nikanyoosha mkono juu ya gunia ili nimwambie inatosha, lakini mchi ulikuwa umeshaanza kushuka.

"Toa mkono, Fundi," alisema. "Huyu mwizi amekula nyama yangu."

"Amekula kiasi gani?"

"Unauliza kiasi? Umekuwa hakimu?"

Watu wawili watatu waliokuwa wakitazama walicheka. Nilikaa juu ya gunia, paka kati ya miguu yangu. Hilo halikuwa tendo la ushujaa. Kiwiko kiliniuma, nami nilitafuta pa kukaa. Lakini jirani hakuweza tena kumpiga paka bila kunipiga mimi, naye aliutupa mchi ukutani.

"Mchukue. Umebeba mzoga. Ile nyama niliitia dawa ya kuulia fisi."

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, mahali ambapo nyumba za Mpanda zilikwisha na pori likaanza, kwenye njia ya kwenda Sitalike. Reli ilikuwa bado mpya. Kazi yangu ilikuwa useremala: milango, viti, na majeneza, maana kambi ya mgodi wa madini ya risasi haikukosa msiba. Jirani alikuwa mtu wa kijiji cha Mamba. Ndugu zake wote walilima mpunga, yeye akachagua gobore. Aliwinda nyati na swala, akakausha nyama juu ya uchaga nyuma ya nyumba. Alikuwa na nguvu, na hakuzipumzisha. Alipiga mlango uliokwama, alipiga jembe lililolegea mpini, alimpiga mkewe. Kiumbe mmoja tu sikuwahi kumwona akimpiga: mbwa wake mwekundu mwenye sikio lililochanika, aliyevaa kengele ya mti shingoni ili asipotee kwenye majani marefu.

Mimi sikuwa mpenda paka. Nilimchukua kwa sababu nilikuwa nimeshampokelea pigo, na kitu ulichokilipia hivyo huwezi kukitupa njiani. Isitoshe panya walikuwa wakila gundi yangu. Gundi ya ngozi kwa panya ni nyama tu. Walikuwa wakitafuna maungio ya viti kabla sijavipeleka kwa wenyewe.

Nyumbani nilifungua gunia, paka akatoka akijikokota. Alitapika povu la njano, kisha akahara damu kwenye mkeka. Mke wangu alisimama mlangoni na ufagio.

"Baba watoto, hiki nini?"

"Paka."

"Paka nawajua. Nauliza hiki nini."

Nilimweleza kuhusu dawa ya fisi. Hapo hata yeye aliweka ufagio chini, maana kila mtu alijua la kufanya. Sumu huvunjwa kwa maziwa. Aliyeumwa na nyoka hunyweshwa maziwa, aliyelishwa kitu kibaya kwenye pombe hunyweshwa maziwa. Kwetu ng'ombe hawakukaa kwa sababu ya mbung'o, kwa hiyo maziwa yalikuwa ya kopo, kutoka duka la Mhindi karibu na stesheni. Nilinunua kopo, nikatoboa matundu mawili kwa msumari, nikayachanganya na maji ya uvuguvugu. Paka alikunywa yote, akalala. Nikajiambia sumu inavunjika.

Hakufa, ila hakupona pia. Damu ilikwisha, lakini tumbo liliendelea kuwa maji. Alikula, akahara, alikunywa, akahara. Mbavu zilihesabika. Na kadiri alivyohara ndivyo nilivyozidisha maziwa, kwani niliamini sumu bado imo. Sikujiuliza ni sumu gani hiyo isiyoua wala kuondoka.

Ulikuwa msimu wa kuanika makopa. Mke wa jirani, mwanamke mwembamba aliyesema kidogo, alikuwa akimenya mihogo, kuiloweka, kisha kuianika juu ya mwamba mpana uliokuwa kati ya nyumba zetu. Hicho ndicho chakula chao hadi mvua. Asubuhi moja alikuta makopa yamechafuliwa. Uchafu ulikuwa wa maji, umetapakaa juu ya vipande vyeupe, na hapakuwa na haja ya kuuliza. Eneo zima lilijua nani ana mgonjwa wa tumbo.

Nilisikia kofi kabla sijasikia maneno. "Umelala macho wazi! Nile mavi ya paka?" Kisha sauti ya mchi ukigonga kitu laini. Nilipofika uani kwao, yule mama alikuwa amepiga magoti anaokota makopa, jicho moja limefumba. Aliniambia bila kuinua kichwa, "Rudi kwako, shemeji. Ukisimama hapo ataanza upya."

Nilirudi. Mke wangu alikuwa amesikia yote.

"Paka wako anapigisha watu," alisema.

Jioni jirani alikuja na bunduki, akasimama mbele ya karakana yangu, mahali ambapo watu wa zamu ya mgodini walikuwa wakipita. Alitaka wasikie.

"Nyie wote mashahidi! Nimevumilia mara moja. Naapa kwa bunduki hii, na kwa kaburi la baba yangu kule Mamba: mwenye miguu minne atakayechafua tena chakula changu, namuua mchana kweupe, mbele ya macho yenu. Awe wa fundi, awe wa mfalme. Nisipofanya hivyo, niiteni mwanamke, nipeni kanga nivae!"

"Tutakuletea ya rangi gani?" mmoja alipaza sauti kutoka njiani, na wenzake wakaangua kicheko. Jirani hakucheka.

Tangu siku hiyo kazi yangu ikawa tumbo la paka. Nilitengeneza kasha la mbao lenye mlango wa fito, nikamwaga unga wa msumeno ndani yake, na kila jua lilipotua nilimfungia humo, mlango nikiufunga kwa kabari. Kila asubuhi nilikagua unga wa msumeno. Ulikuwa umelowa. Nilijua siku moja atachomoka, na siku hiyo ndiyo ya mwisho.

Kilichonifundisha ni bahati. Mwenye duka alifunga akaenda Tabora kumuuguza ndugu yake, na maziwa yakakosekana. Nilimpa paka uji mwembamba wa mahindi na mchuzi wa dagaa kutoka Karema, huku nikiogopa kwamba sumu sasa itamshinda. Badala yake unga wa msumeno ukaanza kukauka. Kabla duka halijafunguliwa tena, paka alikuwa akifukia choo kigumu, cha kawaida, kama paka yeyote mwenye heshima zake. Sikutaka kuamini bila kujaribu. Maziwa yaliporudi nilimpa kijiko kimoja tu. Kesho yake tumbo likawa maji. Nikayakata, likafunga. Basi nilielewa kwamba muda wote huo ugonjwa nilikuwa nikiununua mwenyewe dukani, na kwamba dawa ya fisi huenda haikuwahi kuwapo ila mdomoni mwa jirani; ile damu ya kwanza ilikuwa ya mchi.

Lakini makopa yalichafuliwa tena.

Walikuja asubuhi, jua limeshapanda. Mbele jirani na mchi, nyuma yake mkewe damu ikimtoka mdomoni, na nyuma yao nusu ya majirani. Mbwa mwekundu alikuja pia, kengele ikigonga ko, ko, ko, akifurahia mkusanyiko. Jirani alipiga teke mlango wa karakana, bawaba ya juu ikang'oka.

"Mtoe!"

"Yumo ndani ya kasha tangu jana jioni," nilisema. "Kabari haijaguswa. Tazama."

"Sitazami. Mtoe, au nampondea humo humo."

Aliinua mchi. Nilishika patasi. Sijui nilikusudia nini nayo. Nakumbuka tu mpini ulivyojaa mkononi, na kwamba nilichagua mahali, chini ya mbavu, upande wa kulia. Nadhani aliona kwamba nimechagua, kwa maana mchi ulisita.

Hapo nilisema jambo nililokuwa nikilifikiria tangu nilipopita pale mwambani alfajiri. Mara zote mbili makopa yalichafuliwa kesho yake baada ya yeye kurudi porini na nyama. Na wawindaji wana desturi: mnyama akianguka, matumbo ni haki ya mbwa, anayala yakiwa na moto wake, ashibe, asije akagoma kumfuata mwenye bunduki siku nyingine.

"Twende mwambani," nilisema. "Kama ni wa paka, nitamtoa mwenyewe."

Tulikwenda. Nilichukua kijiti, nikachakura ule uchafu mbele yao. Ndani mlikuwa na majani yaliyotafunwa nusu, ya tumboni mwa swala, na kipande cha ngozi yenye manyoya ya kahawia, kikubwa kama ukucha wa dole gumba. Kisha niliwaonyesha unga wa msumeno kutoka kwenye kasha, mkavu, na kilichofukiwa humo.

Halafu mwanamke mmoja muuza pombe, mwenye sauti kubwa, alisema, "Kumbe mla matumbo ndiye mchafuzi! Mwana wa nyumba!"

Kicheko kilianza nyuma kikaja mbele. "Kiapo, baba! Kiapo!" "Kaburi la baba yako linasikia!" "Leteni kanga!"

Jirani alimtazama mbwa. Mbwa, kwa kuona macho ya bwana wake, alikuja akitikisa mkia hadi miguuni pake, akaketi, kama alivyofundishwa kuketi anaposubiri kazi. Nilikijua kile kiapo nilipofungua mdomo. Wote tulikijua.

"Jirani," nilisema, "mbwa ni mbwa. Makopa nitakulipa mimi."

"Nyamaza. Umeshasema."

Alimpiga kwa mchi kichwani. Pigo lile lilikwenda upande, mbwa akaanguka ubavu akalia, akajaribu kutambaa kuelekea kwake, kwake huyo huyo, siyo kwetu. La pili lilivunja mgongo. Kicheko kilikwisha hapo. Aliendelea kupiga baada ya kengele kunyamaza, na hakuna aliyemzuia, hadi mchi ulipokatika.

Watu waliondoka mmoja mmoja bila kuagana. Mkewe alibaki akiyakusanya makopa yaliyorukiwa na damu.

"Ungenyamaza, shemeji," aliniambia. "Makopa huoshwa."

"Wangemuua paka."

"Wangemuua paka," alikubali. "Mimi ningepigwa kidogo, nimezoea. Huyo mbwa alikuwa anamtuliza."

Alisema kweli. Baada ya hapo jirani hakumpiga tena kwa sababu ya makopa. Alimpiga kwa sababu nyingine, na mara nyingi zaidi. Msimu ule ule yule mama alitwaa mpini wa jembe usiotiwa chuma, akamvunja mumewe mkono, akarudi kwao Mamba. Jirani alibaki peke yake na mkono uliounga vibaya, na bunduki ikawa haimtii.

Kabla ya hayo, jioni ya siku ile, kitu kilirushwa uani kwangu. Ilikuwa ile kengele, ukanda wake umeshaoshwa.

"Mvishe paka wako," jirani alisema kutoka gizani upande wa pili wa mwamba. "Nijue anapopita."

Nilipunguza ukanda, nikaichonga kengele iwe nyepesi, nikamvisha. Ilikuwa bado nzito kwake. Panya walimsikia kutoka mbali, wakaendelea kula gundi yangu, naye hakukamata hata mmoja hadi alipozeeka. Nilimlisha kwa mkono wangu uji na mchuzi wa dagaa. Alipotoka asubuhi kupita kwenye mwamba, kengele ikigonga ko, ko, ko, jirani kule kwake alikuwa akiacha alichokishika na kuinua kichwa.