Kijiko chenye Uzi Mwekundu

Juzi, nikiwa kwenye foleni ya duka la dawa huku Mabela, Oman, tunakoishi Waswahili wengi, msichana wa Kikenya anayefanya kazi za ndani alishusha barakoa akamwonyesha muuzaji ulimi. Ulikuwa mwekundu kama nyama mbichi.

"Madam anasema nanuka mdomo. Kila asubuhi naukwangua na kijiko mpaka damu itoke."

Muuzaji, mama wa makamo, alishika kichwa. "Mwanangu, ulimi haukwanguliwi kama sufuria! Chukua mswaki laini, upitishe taratibu kutoka nyuma kuja mbele, kisha sukutua. Ikitoka damu, ushajiumiza. Kijiko chenyewe cha nani?"

"Changu. Kimefungwa uzi mwekundu, kisichanganyike na vyao."

Muuzaji aliinama juu ya kaunta, akamnusa mdomo. "Mbona hunuki?"

Msichana alilia bila sauti, kisha akapandisha barakoa.

Nilitoka nyuma yake. Nje, kioo cha gari kilishuka. "Panda nyuma. Na barakoa nshakwambia usiivue," mwanamke akamwambia, kwa Kiswahili kitamu cha Unguja, kile kile nilicholelewa nacho.

Kila wiki nalalamika katika safu hii kwamba watoto wetu waliozaliwa huku wanakiacha. Bora wakiache.