Mtunzi wa michezo ya redio anayeogopa kuzama kazini

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, mtunzi amekaa stoo, katikati ya gunia la mkaa na baiskeli isiyo na tairi la mbele. Magoti ndiyo meza yake. Juu ya magoti kuna daftari kubwa, na juu ya daftari kuna kalamu ambayo haijagusa karatasi tangu alipoketi. Mlango ameuacha nusu wazi. Macho yako kwenye daftari, masikio yako chumba cha pili.

"We dada," sauti inaita kutoka huko. "Watoto wamerudi shule?"

"Wamerudi, mama."

"Wamekula?"

"Wamekula, wameshiba."

Watoto wanaoulizwa ni wawili: yeye mwenyewe, mwenye miaka hamsini na miwili sasa, na kaka yake, fundi wa majokofu anayeishi upande wa pili wa mji. Anayeuliza ni mama yao. Ana miaka themanini na mmoja, na maradhi ya kusahau yamemla kidogo kidogo kwa miaka minne, hadi binti yake wa kumzaa amekuwa machoni pake mtumishi wa ndani.

Katika saa moja ambayo mwandishi wa makala haya alikaa hapo, swali la watoto na shule liliulizwa mara ishirini na tatu.

"Leo yuko vizuri," anasema mtunzi. "Siku akichafukwa, ananiuliza kama mama yangu anajua niko wapi."

Mtaani wanamwita Mama Redio. Kwa miaka kumi na sita ameandika mchezo wa dakika kumi na tano unaorushwa kila Jumamosi mchana, unaohusu familia tatu zinazogombania bomba moja la maji. Vipindi vimepita mia nane. Hakuwahi kukosa wiki, hata ile aliyofiwa na mume. "Tulizika Alhamisi, Ijumaa nikapeleka kipindi," anasema. "Watu walisema nina moyo wa jiwe. Mimi nilikuwa natafuta pa kujificha."

Hakusomea kazi hii. Alikuwa opereta wa simu katika ofisi moja kubwa, na huko ndiko alikojifunza mazungumzo. Anasema ukiunganisha simu za watu miaka kumi na mmoja, unajua mtu anapotaka kudanganya anavuta pumzi wapi.

Lakini chemchemi yenyewe ilikuwa nyumbani. Mama yake alifua mashuka ya hoteli kwa miaka thelathini, na alikuwa na mdomo ambao majirani waliuogopa na wakati huohuo kuufuata. Kuhusu mwanamume mmoja mchoyo aliwahi kusema, "Yule akikupa pole, kesho atakuja kuidai." Kuhusu mpangaji mvivu: "Hata kivuli chake kimechoka kumsubiri."

Binti alikuwa akiandika maneno hayo nyuma ya bahasha, nyuma ya risiti, penye nafasi yoyote. Akamuumba Shangazi, mwanamke mkorofi wa chumba cha mwisho, akamtia kinywani maneno ya mama. Wasikilizaji wakampenda Shangazi kuliko wahusika wote.

"Watu wananiuliza msukumo unatoka wapi," anasema. "Ulikuwa unatoka jikoni, unapiga kelele kwamba nimeunguza sufuria."

Maradhi yalipoingia, maneno yalianza kupungua. Kwanza mama alirudia hadithi. Baadaye akazikatisha katikati. Mwisho likabaki swali la watoto. Mtunzi akajaribu kila mlango: alikaa vituo vya mabasi kusikiliza watu, akachakura bahasha za zamani, akaamka alfajiri kabla mama hajafumbua macho. Aliandika, ndiyo, lakini mwenyewe alijua anakamua ng'ombe aliyekauka.

Kisha ikaja siku moja ya Februari mwaka huu.

Mama alikuwa amelala baada ya chakula cha mchana. Mtunzi aliingia stoo akiwa hana hata wazo la kuanzia. Akaandika mstari mmoja, Shangazi akimwomba radhi binti yake waliyekosana naye miaka saba. Mstari wa pili ukaja wenyewe. Wa tatu akawa anaukimbilia. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili, kalamu ilimtangulia.

"Siwezi kukueleza utamu wake," anasema, na hapa sauti inashuka. "Nilikuwa nalia na kucheka peke yangu. Sikujua kama ni mchana au usiku. Sikusikia kitu. Kuzama ndiko huko, husikii."

Mama yake aliamka. Alitaka kuwapikia chai watoto wanaotoka shule. Akawasha jiko, akabandika sufuria, akaiepua kwa mikono mitupu. Maji yakamwagikia mkono na paja.

Aliita. Jirani wa nyumba ya pili, nesi mstaafu, alimsikia akiwa uani anaanika nguo. Akaruka ua, akaingia, akamkuta bibi ameketi sakafuni anatetemeka.

"Nilipiga kelele za kumwita binti," nesi anakumbuka. "Alitoka stoo na kalamu mkononi, anatabasamu. Akili yake ilikuwa bado haijafika. Nikaona tabasamu linavyomtoka usoni. Sitaki kuliona tena jambo kama lile."

Kutoka stoo hadi jikoni ni hatua sita. Mtunzi amezihesabu mara nyingi.

Bibi alilazwa siku kumi na tisa. Kipindi kilichoandikwa siku ile kilipelekwa redioni na kaka mtu, aliyekiokota sakafuni akidhani anasaidia. Jumamosi kikarushwa. Mtayarishaji wa mchezo akampigia simu mtunzi wodini kumwambia hajawahi kupokea kipindi kizuri kama hicho, na kwamba mwigizaji wa Shangazi alilia mbele ya kipaza sauti.

Mgonjwa wa kitanda cha jirani alikuwa na redio ndogo. Wodi nzima ikasikiliza. Mtunzi alitaka kutoka, lakini mama alikuwa amemshika kidole kwa mkono usio na bandeji, naye anasikiliza.

Shangazi alipomaliza, bibi akacheka. Akamgeukia binti yake. "Huyu mama ana maneno," akasema. "Angekuwa jirani yangu, tungeelewana."

Tangu siku hiyo mtunzi hajaandika kipindi kizima.

Si kwamba maneno yamekatika. Yanakuja, tena mengine mazuri, akiwa anamwogesha mama au kumpaka dawa kwenye kovu. Anayaacha yapite. Akiketi na kuhisi kwamba anaanza kuzama, mwili wenyewe unashtuka na kumnyanyua. Anakwenda kuchungulia, anamkuta mama ametulia, anarudi, mstari umeshapotea.

"Zamani nilikuwa napigana na kelele," anasema. "Sasa kelele ndiyo inanipa amani. Akinyamaza tu, moyo unanienda mbio. Na bila kimya siandiki. Niambie, hapo natokea wapi?"

Kaka yake alimwambia wazi: "Chagua, dada. Mama au redio." Yeye ana nyumba ya chumba kimoja na watoto watano, hana pa kumweka mgonjwa.

"Nilichagua mama papo hapo, sikufikiri mara mbili," anasema mtunzi. "Ila kichwa changu hakijaambiwa. Saa nyingine namtazama amelala, nawaza, kama asingekuwepo ningeandika. Halafu najichukia mpaka jioni."

Redio imerudia vipindi vya zamani kwa wiki kumi na moja. Uvumilivu umefika ukingoni. Mtayarishaji, ambaye anamheshimu kama dada yake mkubwa, alikuja mwenyewe kumpa taarifa: mchezo unafungwa mwisho wa mwezi huu. Amembakizia kipindi kimoja tu, cha kuagana na wasikilizaji. Asipokiandika, utapigwa muziki.

Nesi mstaafu amejitolea kukaa na bibi kila Alhamisi, saa tatu hadi saa tano. Alhamisi ya kwanza mtunzi alitoka stoo mara nne kuchungulia. Mara ya nne nesi alimwambia, "Mwenzangu, kama huniamini, sema nikafue zangu." Siku hiyo zilipatikana sentensi mbili. Alhamisi ya pili, moja. Zote tatu amezifuta.

Zimebaki Alhamisi tatu. Hataki Shangazi afe, anasema, kwa sababu hawezi kumzika mama yake kabla ya siku yake. Anataka ahame tu. Apakie vitu vyake, awatukane majirani mmoja mmoja kwa mara ya mwisho, aende.

Je, kitakuwa kizuri kama kile cha Februari?

Anatikisa kichwa. "Kile sikitaki tena. Nikiandika kizuri nitajua nimemsahau mama. Naomba kibovu, dakika kumi na tano tu, niandike huku namsikia anapumua."