Watoto wa Chupani

Kwa miaka mingi Karambu aliwatambia wauza miraa wenzake sokoni Isiolo kwamba bintiye Kinanu ana watoto Nairobi wasiojua likizo. Watoto hao ni seli hai za mlango wa kizazi zinazokuzwa maabarani ndani ya chupa. Kinanu huzitia virusi vya papiloma, kisha huzichungulia kwa hadubini aone saratani inavyoanza. Huzilisha maji mekundu, na yakigeuka manjano huyabadilisha, iwe Pasaka, iwe Krismasi.

Safari hii alipata ruhusa akaja nyumbani. Walikuwa jikoni wakimenya viazi mama alipomchekea.

"Si unajua nimekuwa msichana tena? Damu imerudi, na nilikuwa nimesahau hiyo mambo kitambo."

Kisu kilimponyoka Kinanu. Damu baada ya hedhi kukoma huweza kuwa dalili ya saratani. Aliogopa, tena aliogopa vibaya, na elimu yake yote ikawa inachochea hofu tu. Seli nzima ikigusana na jirani hutulia. Zilizoharibiwa na virusi hazina adabu. Hupandana, hujazana, haziambiliki. Sasa alikuwa akiziona ndani ya mama yake, naye mama bado anacheka.

Akamuuliza kama amewahi kupimwa mlango wa kizazi.

"Nani angeniambia nipimwe? Wewe uko na zile zako."

Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililomchoma Kinanu.

Asubuhi wakaenda hospitali. Njiani Kinanu alimweleza mama yake kila kitu kuhusu virusi na saratani. Muuguzi Peris, aliyewapokea kwa mizaha, alimpima Karambu, akachukua kipande kidogo cha nyama, na mizaha ikaisha. Akawaambia wakae kwenye benchi, daktari anataka kumwona mgonjwa mwenyewe.

Karambu hakuwa anacheka tena. Akamsogelea bintiye.

"Hizo zako za Nairobi, umewahi kuona zimetulia?"

"Ndiyo, Mama. Virusi vikizimwa mapema, zinatulia."

"Na zangu ni mapema?"

Kinanu, ambaye za chupani angezieleza tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, za mama yake hakujua zina umri gani. Hata damu ilianza lini hakuwa ameuliza.

Mlango ukafunguka, Peris akaita jina la Karambu. Kinanu akabaki ameshikilia benchi. Mama yake ndiye aliyemshika mkono akamwinua.