Orodha Iliyokuwa ya Rehema

Siku ninayoikumbuka kuliko zote nilizoishi Toronto, mwanangu, haikuwa ya harusi wala ya msiba. Ilikuwa Jumanne moja ya Desemba, saa nne asubuhi, simu ya mezani ikalia katika nyumba yetu ya ghorofa ya kumi na moja, Barabara ya Dixon. Nilikuwa peke yangu. Nikaipokea.

Nakusimulia haya kwa sababu jana nilikuona ukiandika maazimio ya mwaka mpya kwenye simu yako, kumi na mawili, na kila baada ya mstari unafungua picha za yule rafiki yako uliyesoma naye. Najua utanijibu kwa Kiingereza kwamba ulikuwa unatafuta mawazo tu. Sawa. Hata mimi nilikuwa natafuta mawazo. Nisikilize kwanza.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Niliishi na Rehema, msichana wa Morogoro kama mimi. Tulifika mwaka mmoja, tukapanga nyumba moja, tukavaa koti moja la baridi kwa zamu mpaka kila mtu akapata lake. Wote tulifanya kazi Malton, kwenye jiko kubwa linalopakia vyakula vya ndege. Nilimpenda Rehema, hilo nataka ulijue. Watu wengi walinizidi katika mji huu na wala sikuhangaika nao. Aliyeninyima raha ni yule niliyekula naye sahani moja.

Rehema alijua anakokwenda. Nyumbani alikuwa nesi, na hapa alitaka kuwa nesi tena. Akitoka zamu anasoma, siku ya mapumziko anasoma. Mimi nikirudi najitupa kwenye kochi, nautazama mgongo wake ameinamia vitabu. Akipongezwa kanisani, natabasamu mpaka mashavu yanauma. Akinunua viatu vipya, siku hiyohiyo naona vyangu vimechakaa.

Basi, simu ile. Mwanamke kutoka makao fulani ya wazee alimwulizia Rehema. Nikasema hayupo. Akasema usaili wake wa Alhamisi umerudishwa nyuma hadi Jumatano, yaani kesho yake, saa tatu asubuhi. Je, nitamfikishia ujumbe? Nikasema ndiyo. Kalamu nilikuwa nayo mkononi, mwanangu. Sikuandika kitu.

Jioni Rehema alirudi akiimba, akapiga pasi blauzi yake nyeupe ya usaili. Nikajiambia nitamwambia akimaliza kula. Akamaliza kula. Nikajiambia asubuhi. Asubuhi nikatoka mapema kwenda kazini. Alhamisi akaenda, akakuta kazi imepewa mtu mwingine. Alirudi akakaa kitini bila kuvua koti, theluji ikiyeyuka kwenye zulia, analia bila sauti. Unajua nilifanya nini? Nilimtengenezea chai. Ya tangawizi, kama alivyoipenda. Wivu nimekwisha kuutubu, lakini ile chai inanichoma mpaka leo.

Wiki mbili baadaye ukaingia mwaka mpya. Msimamizi wetu kazini alikuwa Mama Tabitha, mjane kutoka Kisumu, na Januari mosi aliwaalika kwake chakula cha mchana wote wasio na ndugu mjini. Kila nilipomwamkia shikamoo alicheka, akisema mtanifanya bibi kizee ninyi watu wa Tanzania, lakini “marahaba” aliiitika kwa furaha. Tulipomaliza kula akataka kila mtu asome maazimio yake.

Rehema akaanza: kupata leseni ya unesi, kujifunza kuendesha gari, kumleta mama yake aje kutembea. Watu wakapiga makofi. Ikafika zamu yangu. Nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe, usiku uliotangulia, na sikuwa nimeona karatasi yake. Nikasoma: kusomea unesi, kujifunza kuendesha gari, kumleta shangazi aje kutembea. Makofi yakapigwa tena, ila machache. Rehema aliniangalia kwa upole, na upole ule ukanikasirisha.

Nilipokuwa jikoni naosha vyombo, Mama Tabitha akaingia na karatasi yangu mkononi. Nilikuwa nimeisahau mezani.

“Hii ni ya nani?” akaniuliza.

“Yangu, mama.”

“Hapana. Hii ni ya Rehema, wewe umeibadilisha mwandiko tu. Unesi? Wewe uliyezimia Zainabu wa pale kazini alipojikata kidole?”

Akachukua kitambaa, akaanza kukausha sahani nilizoosha, taratibu, kama mtu asiye na haraka ya jibu.

“Maazimio mtu anaweza kuyaazima kwa jirani,” akasema. “Wachana nayo. Chagua neno moja tu, ukae nalo mwaka mzima. Kila unapotaka kufanya jambo, uliulize hilo neno kwanza. Neno la kweli huwezi kumwigia mwenzako, kwa sababu kila mtu litambana mahali pake.”

“Amani,” nikasema upesi.

“Hilo ni la kwenye kadi. Nitafutie neno unaloliogopa.”

Mikono yangu ilikuwa ndani ya maji ya sabuni, na nilihisi yanapoa. Alikuwa amekwisha kulitaja yeye mwenyewe bila kujua. Kweli. Sikulitamka, lakini nilitoka nalo mle jikoni.

Mwanzoni nililitumia kwa mambo madogo. Nikiulizwa habari ya kazi, naacha kusema nzuri kama ni mbaya. Nikialikwa mahali nisipopataka, nasema sitakuja. Nikajiona nimekuwa mtu safi! Rehema nilimzunguka, nikijidanganya kwamba yale yamepita.

Hayakuwa yamepita. Jumamosi moja mwishoni mwa Januari nilimkuta anafunga vitabu vyake kwenye boksi. Nikamwuliza vipi.

“Nimechoka kujidanganya,” akasema. “Mtu anayeshindwa hata kusikia siku ya usaili, atapewaje wagonjwa? Waliniambia Jumatano, mimi nikasikia Alhamisi. Labda kichwa changu hakifai tena kazi ile.”

Kumbe wiki zote hizo alikuwa anajilaumu! Nikasimama pale mlangoni na neno langu. Nakwambia ukweli, mwanangu, sehemu moja ya moyo wangu iliona boksi lile ikafurahi. Hiyo ndiyo iliyonitisha. Nikamwambia yote: simu, kalamu, blauzi, kila kitu.

Alikiweka chini kitabu alichokuwa amekishika. Kisha akasema, “Na ukanitengenezea chai.”

“Nikakutengenezea chai.”

“Nilikukosea nini?”

“Hujanikosea kitu. Nilikuonea wivu.”

Hakunitukana. Ningefurahi kama angenitukana. Alihamia kwa rafiki yake Scarborough kesho yake Jumapili, na vitabu akavibeba. Kodi nikamtafuta msichana mwingine wa kusaidiana naye, lakini kochi lile nililichukia.

Mwezi wa sita nikasikia Rehema amepata kazi, mahali pazuri kuliko pale pa kwanza. Utafikiri nilifurahi. Wivu ukanijia vilevile. Safari hii sikutabasamu. Nilikwenda kwa Mama Tabitha nikamwambia, “Mama, bado namwonea wivu.”

“Wivu wa nini hasa? Unesi?”

Nikafikiri. “Hapana. Damu siiwezi.”

“Gari?”

“Wala.”

“Sasa ni nini?”

Hapo ndipo nilipotambua, na nikalia kama mtoto. Nilimwonea wivu kwa sababu yeye alijua anachokitaka na mimi sikuwahi hata kujiuliza. Mama Tabitha akaniacha nilie. Kisha akaniuliza ni kitu gani katika mji huu ninachokitazama bila kuchoka. Nikamjibu kwa aibu kwamba kila nikipanda basi kwenda Malton nakaa kiti cha mbele, nimtazame dereva anavyokata kona na lile dude lote refu. Nilitegemea acheke. Hakucheka. Akasema, “Basi neno lako limekujibu.”

Wewe unajua yaliyofuata, maana nimekulea kwa usukani ule wa basi. Nilifeli jaribio la kwanza la udereva na la pili. Katika kufeli kwangu kote sikuwahi kujiuliza Rehema amefika wapi, na huo ulikuwa usingizi mtamu ambao sikuwa nimeupata kwa miaka.

Na Rehema? Nilimwandikia barua mbili, hakujibu. Alipoolewa alinialika, akanikalisha meza ya nyuma, na nilipompongeza alinishika mikono yote miwili. Tunajuliana hali sikukuu. Udada wetu wa zamani haukurudi, na sikudanganyi kwamba ulirudi. Kuna vitu mtu hukiri akasamehewa, bado haviwi kama mwanzo.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Futa hiyo orodha ya mambo kumi na mawili, au angalau jiulize kwa kila mstari, kama yule rafiki yako asingekuwapo duniani, je, ningeutaka? Utakaobaki huenda ni mmoja. Kisha chagua neno lako la mwaka, si lile zuri la kutundika ukutani, bali lile linalokufanya ugeuze macho ukilisikia. Kaa nalo Januari na Agosti, siku ya raha na siku ya uvivu. Na wivu ukikujia, maana utakuja, usiupikie chai. Uutaje kwa jina lake mbele ya mtu anayekupenda, umwulize huo wivu unatafuta nini. Na kama umemkosea mtu kwa ajili yake, mwambie kabla hajafunga vitabu vyake.

Mungu akupe mwaka ulio wako. Akupe macho ya kuwatazama wenzako wakipanda bila wewe kujiona unashuka, na akupe wa kukukausha machozi bila kukuficha makosa yako. Nenda salama, urudi salama, na baraka zangu ziwe juu yako kila siku ya mwaka huu. Amina.