Mtani wa Mrusha Mpira

Niliamka Manzese kabla jua halijatoka, nikiwa nimeshaamua kuondoka ila sijaamua niende wapi. Ndivyo nilivyoishi tangu nilipoacha shule darasa la sita: chumba kikianza kunizoea, naondoka. Nilivaa fulana yangu ya kijani ya mitumba, yenye namba kubwa mgongoni na matundu madogo madogo ya kupitisha upepo. Nguo nyingine nilizitia kwenye begi, ufunguo nikauacha dirishani kwa mwenye nyumba.

Kwenye basi la mwendokasi nilisinzia, nikazinduka Kivukoni, mwisho wa gari. Walioshuka walielekea kwenye pantoni la kuvukia Kigamboni, nami nikawafuata kama mtu anayeendelea na usingizi wake kwa miguu. Mvua ya usiku ilikuwa imeacha ukungu mwembamba juu ya maji. Nilipogeuka, maghorofa ya mjini yalikuwa yanafifia moja moja, kana kwamba kuna mtu anayafuta kwa kitambaa.

Kigamboni sikuuliza njia. Lami iliisha, mchanga ukaanza, kisha uzio wa michongoma, na nyuma yake turubai la buluu. Chini ya turubai kulikuwa na viti vingi vitupu na wanaume wanne tu. Kwenye stuli waliegemeza picha iliyochapishwa steshenari, ya kijana aliyekumbatia kofia ngumu kifuani. Msiba haupitwi hivihivi. Niliingia, nikamwamkia aliyekuwa mkubwa wao, nikampa pole.

Mzee yule alikuwa anaitazama fulana yangu.

"Umetumwa?"

"Hapana, mzee. Napita tu."

Fundi friji aliyekaa kando yake akaanza kucheka kwa kujizuia. "Baba, si umelalamika tangu jana kwamba hatuna mtani? Huyo hapo. Kaja na sare kabisa."

Wakanieleza, kila mmoja akimkata mwenzake kauli. Marehemu alikuwa nyota wa mpira wa Kimarekani, ule wa kurushwa kwa mkono, aliyestaafu zamani. Alikuwa amefia kwao Marekani wiki hiyo. Mzee alikuwa baharia. Meli yake ilikaa bandari moja ya huko kipupwe kizima ikitengenezwa, na kwenye televisheni ya klabu ya mabaharia alimwona kijana huyo akirusha mpira wenye umbo la yai, kwa utulivu, kama mtu anayempitishia jirani kitu dirishani. Alirudi nyumbani na sanduku la kanda za video. Hawa watatu, fundi friji, dereva bajaji na mwalimu, walikulia sebuleni kwake wakizitazama.

Sasa alikuwa amekodi turubai, na majirani wakipita nje ya uzio walicheka.

"Wanasema nalilia video," mzee aliniambia. "Mie nataka aagwe kama mtu. Basi. Na sie Wazaramo, msiba bila mtani unauona huu? Ni kikao tu."

Nilijua kazi ya mtani, nimeiona misibani: kumdhihaki marehemu, kuigiza alivyokuwa, kuziba njia, kudai anachotaka bila mtu kumkasirikia. Nilichokuwa sijui, mpaka waliponiambia, ni kwamba fulana yangu ilikuwa ya watani wa jadi wa marehemu, timu iliyopambana naye miaka yote. Mimi niliinunua kwa ajili ya matundu yake.

"Mzee, hata jina lake silijui."

"Usilijue. Nani kakwambia umlilie? Niudhi tu."

Dereva bajaji akanionyesha kwenye simu msimu wa mwisho wa marehemu. Goti limefungwa bandeji, anachechemea hadi mahali pake, anasimama, anarusha. Niliomba nione tena, na tena. Siku zote nimetaka kujua mtu anahisi nini ndani ya mwendo wake. Nikachukua dafu mlangoni mwa jiko.

"Ukilipasua utapanda mwenyewe mnazini," mke wa mzee alisema bila kugeuka. "Mtani au si mtani."

Nilichechemea mchangani, dafu kwapani, na kwa dakika chache sikuwa mimi. Mwili ulikuwa mzito na mtulivu, na sauti za watu zilinifikia kwa mbali.

"Huyu ndiye mnayemlilia?" nikapaza sauti. "Mwacheni apumzike, goti peke yake lina miaka sabini." Nilipiga teke kiti. Kwenye uzio vichwa viliongezeka, watu wakicheka. Nikaenda kulala langoni, chali. "Jeneza halipiti hapa."

"Jeneza liko Marekani, mpumbavu we," mzee alijibu, naye akicheka.

"Kumbe ndiyo maana hukualikwa."

Lilinitoka tu. Kicheko cha mzee kilikatika katikati. Aliinama, akashika magoti yake, akaanza kulia kwa sauti, kilio cha mtu mzima kisicho na maneno. Fundi friji alimshika bega. Nje ya uzio hakuna aliyecheka tena. Kisha mwanamke mmoja akajifunga vizuri kanga yake, akafungua lango, akaniruka nilipolala.

"Pole, baba," alimwambia. Nyuma yake wakafuata wengine, wote wakiniruka.

Sikuinuka. "Mie sitoki langoni mpaka nipewe pa kulala," nikasema, nikijua kwamba mtani hanyimwi, na kwamba kweli sikuwa na pa kwenda.

"Mpeni chumba cha uani," mke wa mzee akasema. "Anatuzibia watu."

Kilikuwa chumba kidogo chenye kitanda cha kamba, na dirisha lake lilitazama turubai. Nilijilaza na mchanga wangu mgongoni. Mwanga wa mchana ulipita kwenye pazia, ukatetema ukutani. Nilisikia viti vikiburutwa, vikombe vikigongana, na sauti ya yule mwanamke wa kwanza ikiuliza:

"Marehemu kaacha watoto?"

"Kaa kwanza, mama," mzee akamjibu. "Kaa nikueleze."