Karoti Iliyovaa Soksi

Andrea wa Mgeta aliamini vitu viwili, Mungu na udongo. Udongo, alisema, unakula chochote, mradi uupe muda. Na kule mlimani hayakuwa maneno matupu. Mashamba yameinama kama paa la nyumba, kwa hiyo watu hulima kwa ngazi, na ndani ya kila ngazi hufukia magugu yaoze. Hata nguo chakavu walifukia. Kaniki ya marehemu mama yake iliisha yote kwa masika moja. Shati lake la pamba liliacha vifungo tu.

Ndipo ikaja enzi ya ruksa, biashara zikafunguliwa, na mitumba nayo ikaingia. Mkewe, Regina, akawa anashuka mjini na lori la kabichi, anarudi na belo. Nguo za juu ya belo watu waligombea. Za chini, usiniulize: chupi za kuogelea, suruali za nailoni zinazopasuka ukipiga goti la kwanza kanisani, soksi zisizo na jozi. Regina akazitupa korongoni. Haikupita wiki, Devotha wa bondeni akapanda na ndoo yake kichwani.

"Regina, nimeteka maji nimepata soksi! Nikazisongee ugali?"

Andrea alicheka mpaka akakaa chini. "Lete huku, mama, nizifukie. Udongo utakula."

Akazikusanya zote za korongoni, akafukia, ngazi baada ya ngazi. Mwaka wa kwanza akapanda njegere, zikaota bila neno. Wa pili akapanda karoti.

Sasa shamba lile halikuwa lake. Kwetu Uluguruni ardhi ni ya ukoo wa mama. Andrea alilima kwa sababu ni mume wa Regina, na mwangalizi wa ardhi alikuwa mjomba wa Regina, mzee Leonard. Mimi nilikuwa napita na safari zangu, Regina akanikaribisha uji, na nikiwa nao pale mzee akatokea. Mvua ilikuwa imenyesha, na maji, badala ya kuzama, yamesimama juu ya nailoni. Ngazi mbili zilikuwa zimeporomoka.

"Shikamoo, mjomba," Andrea akaamkia.

"Marahaba." Mzee akainama, akang'oa karoti. Ikatoka fupi, imepinda, imevaa soksi mpaka shingoni.

Tukaitazama.

"Mkwe, hii inakwenda shule?"

"Baridi, mjomba," Andrea akajibu kwa sauti ndogo.

Mzee akachokoa kwa fimbo, akavuta, likaja koti jekundu. Akalikung'uta, akajaribu zipu. Ikapanda mpaka juu. Hapo hakutania tena.

"Limekaa humu tangu lini?"

"Mwaka jana."

"Na zipu inapanda! Bibi yangu aliacha udongo hapa. Wewe umefungua duka. Kabla ya mvua za vuli nisikute hata uzi. Nikikuta, atalima mume wa Yuliana." Yuliana ni mdogo wake Regina.

Kiangazi chote Andrea alifukua, nami nikabaki kumsaidia. Wapita njia walipiga kelele toka juu: "Andrea, suruali zimekomaa? Nichumie ya kiuno kipana!" Alicheka nao, lakini kila jembe liliponasa kitambaa uso ulimbadilika, maana hakuwa na pengine pa kulima. Tulijaza magunia, na hakuna aliyejua pa kuyapeleka. Moja nililifanya godoro. Linanesa vizuri, ila ukigeuka linapiga makelele kama majani makavu.

Mawingu yalipoanza kukaa mlimani, mzee Leonard akaja na jembe lake mwenyewe. Alichimba alipotaka, juu, chini, pembeni. Ukaja udongo, na udongo tena. Andrea alisimama kama mtu anayesubiri kutajiwa adhabu. Mimi nilimtazama mzee tu, maana alikuwa amevaa lile koti jekundu, limefuliwa, zipu hadi kidevuni.

"Lima, mkwe," akasema mwishowe.

Andrea akakaa chini palepale, akashika udongo kwa mikono miwili.

Mzee akapiga hatua chache, akageuka. "Ila siku nikifa, nivueni hili kwanza. Udongo wangu hamtaulisha tena."